Bote Banasalimia Bote

Papa Kasongo,

Nimekaa kwenye kiti chako. Najua hukupenda mtu mwingine akikalie, lakini stuli yangu imevunjika mguu, na mwenye kiti hayupo wa kunifukuza. Ule mto mwekundu alioushona mkeo, Bana Chanda, bado upo, umebonyea pale pale ulipokuwa ukikaa. Nikikaa naona nimezama ndani yake kama mtoto, nacheka peke yangu.

Ni miezi saba sasa. Nilitaka kukuandikia mara tu baada ya matanga, nikashindwa. Sikuwa na habari nzuri ya kukupa, na wewe ndiye uliyenizuia kuleta maneno yasiyopimwa. "Pima kwanza, lalamika nyuma." Mara ngapi uliniambia hivyo, umeshika miwani yako mkononi badala ya kuivaa? Basi nimepima, Papa. Habari ni nzuri. Kaa vizuri uisikilize, maana ni ndefu, na ndani yake nina kosa langu la kuungama.

Nitayasema hata yale unayoyajua. Nivumilie, napenda kuyasema.

Nilipokuja kazini hapa Kashikishi nilikuwa karani wa mizani. Msichana wa Pweto aliyevushwa ziwa na baba yake muuza vitenge, nimesimama ufukweni tangu asubuhi, magamba ya samaki hadi kwenye nywele. Wewe ulikuwa mkubwa wa redio. Vituo vitano vya kampuni, vingine ufukweni, vingine visiwani, vilikuita kila siku saa kumi na moja jioni kukupa uzito wa samaki, ili lori la barafu lijue lianzie wapi. Kazi uliyoajiriwa ilikuwa hiyo. Lakini saa nzima kabla ya hapo, kuanzia saa kumi, redio ilikuwa yenu, na mlikuwa mkicheza kisolo.

Siku ya kwanza nilipochungulia dirishani nilidhani umepata homa ya kichwa. Mezani palikuwa na mbao tatu za mashimo, zile ambazo watu wa pwani wangeziita bao, na mawe madogo ya ziwani ndani yake, na wewe ulikuwa ukiongea na redio huku ukigawa mawe peke yako. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Kumbe wachezaji walikuwa sita, wawili wawili, kila mmoja kituoni kwake na ubao wake mbele yake. Mtu alitaja shimo tu, akafunga kwa "ova", yaani nimemaliza kusema. "Kabuta, kishimo ya tano, ova." Basi ukachota mawe ya shimo la tano, ukayapanda moja moja kwenye mashimo yanayofuata, na mpinzani wake huko Chiengi akafanya vilevile kwenye ubao wake. Ubao wa kweli ulikuwa ule wa mezani kwako. Wakibishana, unasoma mawe yako, na ugomvi umekwisha.

Ubao wa tatu ulikuwa wako mwenyewe na Ba Chola wa kisiwa cha Kilwa, hapo ziwani mwetu. Nyinyi wawili mlichezeana vibaya sana. Mlitukanana kwa heshima zote, "mukwai" huku na "mukwai" huku, na kila siku kabla ya kwenda nyumbani uliandika kwa penseli chini ya ukurasa wa daftari lako shimo utakalochezea kesho. Ulisema ni ili Ba Chola asije akadai kwamba umebadili nia baada ya kuota ndoto.

Na mimi ulinipa saa. Ulisema mtu aliyezoea mizani hawezi kudanganya hata akitaka. Ukaniita Madamu Sekonde, na jina likanata hadi Chiengi. Ulinifundisha kushusha kile kipimo cha kioo ndani ya betri na kusoma asidi imefika wapi. Ulinifundisha kuutazama waya wa antena kwenye zile nguzo mbili, kama umelegea au kama ndege wameufanya kibaraza. Ulinifundisha kuhesabu tangu mtu anapotaja shimo hadi mpinzani wake anaposema amepata, maana redio ni moja na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusema kwa wakati mmoja, na akichelewa mmoja wanachelewa wote. Wakati mwingine ungewauliza ghafla, katikati ya mchezo, kama polisi wa barabarani: "Kishimo ya munane iko na mawe ngapi?" Jibu likilingana na ubao wako, tunaendelea. Lisipolingana, kuna mahali jiwe limepotea.

Hivyo ndivyo tulivyomnasa kuku wa Kabuta. Unakumbuka? Ba Mwansa wa huko alikuwa akicheza kwa punje za mahindi. Ukamuuliza, akasema tatu, kwako kulikuwa na sita. Ukamuuliza shimo jingine, hakuna kitu. Halafu sauti ndogo, ya mtu mzima aliyeaibika: "Papa, kuku alikula muchezo." Ulicheka hadi ukaminya kitufe bila kujua, ziwa lote likasikia unavyokohoa. "Bon. Kuanzia leo bote mawe. Na huyo kuku akikula mawe, munipikie ye mwenyewe."

Nilikuwa na furaha mle chumbani, Papa. Sijui kama niliwahi kukuambia. Nadhani sikukuambia.

Halafu zikaja mvua, na homa yako ya siku tatu. Siku ya kwanza ulicheza. Siku ya pili Bana Chanda alikuzuia, nami nikaja kukuona, ukaniuliza asidi ya betri imefika wapi kabla hata sijakaa. Siku ya tatu. Hapo sitaandika. Tulikupeleka kwenu Kafutuma, na watu wa vituo vyote vitano walikuja, wengine kwa mitumbwi na wengine kwa baiskeli, na ndipo nilipoona nyuso zao kwa mara ya kwanza. Ba Chola ni mfupi! Kwa sauti ile nilimtarajia mtu wa kugonga kichwa mlangoni. Alisimama kando ya kaburi, mkono wake mfukoni, na nilisikia mawe yanagongana humo ndani.

Kampuni ilinipa redio, juu ya kazi yangu ya mizani. Nilifurahi, nikaogopa, nikafurahi tena. Nilifuta vumbi, nikasafisha vichwa vya betri, nikanunua daftari jipya, maana lako lilikuwa limebaki nyumbani kwako. Ubao wako na Ba Chola niliufunika kwa gunia, sikugusa jiwe. Saa kumi kamili nikafungua mchezo.

Ukawa wa polepole, Papa. Yaani polepole kama mtu anayepanda ngazi na gunia la muhogo mgongoni. Ulipokuwa wewe, mzunguko mmoja, yaani kila mtu akishataja shimo lake mara moja, ulichukua dakika sita, na saa kumi na moja kasoro dakika kumi mmemaliza na mnapangusa midomo. Kwangu mimi saa kumi na moja ilifika tukiwa katikati. Uzito wa samaki ukaanza kuchelewa. Lori likachelewa kuondoka. Siku moja shehena ya Isokwe ilifika barafu ikiwa imekwisha, na harufu yake nilikaa nayo puani hadi Jumapili kanisani.

Wakaanza kusema. Si kwa ubaya, lakini niliwasikia, maana kazi yangu ni kusikia. Chiengi walisema tangu Papa Kasongo aende, redio nayo imekuwa mjane. Na wewe unanijua, nilikasirika, kisha nikaenda nyuma ya ghala nikalia, kisha nikarudi nikapima.

Nilipima kila kitu. Asidi ya betri, nzima. Nikaomba betri nyingine hata hivyo, nikanuna hadi wakanipa. Hakuna tofauti. Nikapanda nguzo mwenyewe na suruali ya kaka yangu, watu wote wa soko wakisimama chini kunishangilia, nikakaza waya. Hakuna tofauti. Kila jioni nilichukua saa nzima ya mchezo nikaigawa kwa idadi ya mizunguko, nikaandika namba moja nzuri: dakika kumi. Kesho yake, dakika kumi. Nikasema basi, kila mzunguko umekuwa mzito, mashine imechoka mwili mzima.

Kuna meneja mpya, hukumkuta. Kijana wa Kitwe, viatu vyake vinang'aa kuliko vyombo vya Bana Chanda. Aliniita Jumatatu moja akaniambia kwamba redio ile ni ya samaki. Alisema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kibemba ili iniume mara mbili. Akanipa hadi Ijumaa. Kama Ijumaa uzito haujakamilika ifikapo saa kumi na moja na robo, mchezo umefutwa, na mbao zitaondolewa chumbani.

Nilitoka pale nimeogopa. Sikuogopa kwa ajili ya kazi. Kazi ningebaki nayo. Niliogopa kwamba utakuwa umekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu.

Jumanne nikaomba ruhusa, nikapanda baiskeli kwenda Kafutuma kuchukua daftari lako. Nikuambie ukweli, nilikuwa nimekwepa kwenda tangu mazishi. Bana Chanda alihamia huko kwa ndugu zake pamoja na vitu vyako, na mimi sikutaka kuiona nyumba ambayo humo ndani wewe hukohoi. Yeye hakunilaumu. Alinipa maji, akanipa karanga, akaniletea daftari limefungwa ndani ya kitambaa cha meza kama Biblia.

Nilifungua kwanza ukurasa wa mwisho. Chini, kwa penseli: "Kesho, Chola: 3." Nikalifunga haraka. Sikuwa tayari kwa hilo.

Nilipolifungua tena nyumbani, niliona kosa langu. Wewe hukuandika namba moja ya siku. Uliandika kila mzunguko peke yake, wa kwanza, wa pili, wa tatu, mstari kwa mstari, hata siku ambazo zote zilifanana. Mimi nilikuwa nimezipika zote katika chungu kimoja, kisha naonja na kusema chakula kina chumvi, bila kujua chumvi iliingia lini. Na kando, upande wa kushoto, kila siku uliweka vistari vitano vidogo. Vile sikuvielewa, nikavipita.

Jumatano nikapima kama wewe. Mzunguko wa kwanza: dakika ishirini na nane! Wa pili: sita. Wa tatu: sita. Nilikaa nikiikodolea macho saa. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Kilichotula kilikuwa mzunguko wa kwanza peke yake, na mzunguko wa kwanza ulikuwa salamu.

Hakuna mtu anayehesabu salamu, Papa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisalimia humo humo, kidole kwenye kitufe, bila kuandika. Kabuta hawezi kutaja shimo kabla hajamwamkia Chiengi, akauliza mkewe ameamkaje, mafua ya mtoto yameisha, mvua imenyesha, na msiba wa Papa Kasongo mnaendelea kuubeba vipi. Chiengi naye amjibu yote, amuulize yote, kisha amgeukie Isokwe. Watu sita pamoja nami, na kila mmoja na kila mmoja mwenzake. Kwa mtu wa mizani, hesabu ilikuwa rahisi.

Basi Alhamisi nikapiga marufuku. Nilisema kwa sauti ya kiofisi kwamba kuanzia leo hakuna salamu hewani, mtu ataje shimo lake na "ova." Na ikawa safi! Dakika sita, sita, tano, sita. Tukamaliza mapema kuliko hata enzi zako. Uzito ukaingia kabla ya wakati, lori likaondoka jua bado liko juu. Niliandika namba zile kwa wino, nikazipigia mstari chini. Ule mstari niliupiga kwa majivuno, nakiri. Nikaona Ijumaa imeshapita.

Ijumaa asubuhi nilipojaribu vituo kabla ya kazi, kama ulivyonizoesha, vinne vikanyamaza. Kabuta hakuna. Chiengi hakuna. Isokwe na mpinzani wake hakuna. Nikaita tena na tena. Mwishowe akajibu Ba Chola kutoka Kilwa, ambaye hata mchezaji hakuwa tena, maana tangu ufe alikataa kucheza na mtu mwingine, kila mzunguko alisema tu, "Kilwa, ninangoja." Nikamuuliza redio za wenzake zina nini.

"Redio yabo iko muzima, mama. Ni beye benyewe balizima." Akaongeza: "Mutu hawezi kucheza na mutu hayamusalimia. Tuko batu, hatuko mawe."

Nikavua vile vya kusikilizia masikioni, nikaviweka mezani. Namba zangu nzuri za jana zilikuwa pale pale mbele yangu, na wino haujafifia.

Mungu alivyo, asubuhi ile Bana Chanda alikuwa amekuja soko la Kashikishi na muhogo wake. Alipita kunisalimia, akanikuta na uso wa mtu aliyemwagikiwa na mafuta. Nikamweleza yote. Nikamwonyesha hata vistari vyako vitano kando ya ukurasa, nikamwuliza kama anajua ni vya nini. Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima asiyejua kufunga viatu.

"Weye uliwaza midi alikuwa anakula? Bwali yake ilikuwa inapoa ku sahani. Alikuwa anakwenda kusalimia batu ya redio, moja moja, mpaka saa inaisha. Mi nilikuwaka na wivu ya ile masini, mwanangu."

Papa, hapa ndipo ninapoungama. Kila hiyo midi, yaani saa sita mchana, mimi nilikuwa ufukweni na mizani, jua la utosi, na nilikusikia kwa mbali kupitia dirisha ukicheka na redio. Nilinung'unika. Niliwaambia wasichana wenzangu kwamba Muzee anapiga domo wakati sisi tunaungua. Tulikuiga. Mimi ndiye niliyekuiga vizuri zaidi kuliko wote. Kumbe ulikuwa ukizichukua salamu za ziwa zima, kituo kwa kituo, kistari kwa kistari, nani anaumwa, nani amezaa, nani ana msiba, na saa kumi ikifika unazitoa zote kwa pumzi moja: "Bote banasalimia bote. Tunaanza." Maneno yale, kwamba wote wanawasalimia wote, niliyasikia kila siku nikadhani ni mazoea ya mzee tu. Nisamehe.

Saa sita ya Ijumaa hiyo nilimwacha mwenzangu kwenye mizani, nikafunga mlango wa chumba cha redio, nikaita Kabuta. Nilikuwa sijui kama wataniitikia. Sikutaja mchezo. Niliuliza mtoto wa Ba Mwansa ameamkaje.

Akajibu papo hapo. Na baada yake Chiengi, na Isokwe, hata sijawaita. Walikuwa wamefungua wote, Papa. "Mulikuwa wapi siku hizi zote?" Ba Mwansa aliniuliza, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Ku midi tulikuwa tunafungula, tunangoja. Kashikishi hauiti." Miezi yote ile walifungua redio saa ile wakamngoja mtu wa kuwasalimia, na mimi nilikuwa ufukweni napima samaki. Nilimwomba radhi kila mmoja. Nikaandika vistari vyangu vitano. Chakula changu kilipoa, kikaliwa na paka wa ghalani.

Saa kumi meneja akaja akasimama mlangoni, ametoa mkono wa shati ili saa yake ionekane. Nikaminya kitufe. Nikasema: "Bote banasalimia bote. Tunaanza." Hakuna aliyeongeza neno. Kabuta akataja shimo lake. Mzunguko wa kwanza, dakika sita. Wa pili, sita. Hadi mwisho hakukuwa na hata mmoja uliozidi saba, na nimekuandikia kila mmoja peke yake kwenye daftari lako, chini ya mwandiko wako. Tulimaliza saa kumi na moja kasoro kumi.

Meneja alirudi Jumatatu saa sita mchana, viatu vyake vina mchanga, akajifanya anatafuta karatasi. Kisha akaniuliza kama Chiengi wanaweza kumsalimia shangazi yake anayeishi nyuma ya kituo chao. Shangazi alisalimiwa. Mchezo haujatajwa tena, na mbao zako ziko mezani.

Lakini kuna jambo la Ijumaa ile nililoliruka makusudi, nilibakize mwisho.

Zile dakika kumi zilizobaki. Meneja bado yuko mlangoni, mimi nafunga daftari, na redio ikaita. Ilikuwa Kilwa. Ba Chola aliuliza, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa: "Dakika iko. Papa alisemaka kishimo gani?"

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba umeliandika, na ndilo alilokuwa akilingoja.

Nikaondoa gunia kwenye ubao wenu. Nilifanya kama ulivyonifundisha, sikukurupuka. Nilimuuliza kwanza shimo la nane lina mawe mangapi. Akasema mawili. Kwako pia mawili. Nikamuuliza la kumi na moja. Matano. Matano. Miezi saba, Papa, na mbao mbili zilizotenganishwa na maji yote yale zilikuwa bado zinalingana, hakuna aliyegusa jiwe huku wala kule. Nikafungua ukurasa wako wa mwisho, nikasoma hewani: "Kashikishi, kishimo ya tatu, ova."

Nilipanda mawe yako kwa niaba yako. Yalizunguka, yakala, yakazunguka tena, yakala tena. Nilipomaliza niliutazama ubao, nikautazama tena. Upande wake hakukuwa na shimo la kuchezea. Ulikuwa umemmaliza.

Nikaingojea Kilwa, nikatazama saa, mazoea ni mazoea. Sekunde kumi na tisa. Halafu ikaja ile sauti kubwa ya mtu mfupi, inacheka na kulia kwa pamoja, na vituo vyote vinasikia: "Huyu muzee! Hata ku kaburi iko ananikula!"

Nililia mbele ya meneja, sikujali. Kisha ikafika saa kumi na moja, nikachukua uzito wa samaki.

Sasa Ba Chola amepanga mawe upya. Anataka kucheza na mimi, na amenitukana tayari mara mbili kwa heshima zote. Nitafungwa vibaya, nitakuambia ukweli nikifungwa. Bana Chanda ni mzima, huniletea muhogo na kuniuliza kama ninakula, namdanganya kidogo.

Kwaheri, Papa. Ninakupa saa yangu ya saa sita, kila siku ya kazi, kwa muda wote nitakaokuwa na kiti hiki. Nitapima kila mzunguko peke yake. Na vistari vya kando vimekuwa sita: cha sita ni chako, nakiandika cha kwanza kabla sijaita kituo chochote.

Bote banasalimia bote. Na wewe tumekuhesabu.

Ni mimi,
Madamu Sekonde wako, Feza